Miaka 18, na Sahihi ya Mzazi Inapokoma

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, vituo vya mabasi katika miji yetu hujaa vijana wenye masanduku mapya, magodoro yaliyokunjwa, na bahasha za kaki zinazoshikwa kwa uangalifu kuliko hata fedha. Vijana hao wanakwenda vyuoni. Wazazi wao, ambao wengi ni watumishi wa Serikali na walimu kama wewe, ndugu msomaji, wamekwisha kutimiza kila lililowapasa. Ada imetafutwa, fomu za Bodi ya Mikopo zimejazwa, cheti cha kuzaliwa kimethibitishwa, shuka na ndoo zimenunuliwa. Hata hivyo kuna swali ambalo halimo katika orodha ya mahitaji inayotumwa na chuo, wala sijapata kusikia likiulizwa katika vikao vya kuwaaga vijana hao. Ni nani atakayeweka sahihi kwa niaba ya kijana huyu siku ambayo mwenyewe hataweza kushika kalamu wala kutamka neno?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema wazi kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Maana yake ni kwamba siku kijana anapotimiza umri huo, madaraka ya mzazi ya kumsemea hukoma. Hukoma kimya kimya, bila barua wala tangazo, na mzazi hatambui kwa sababu yeye bado ndiye anayelipa. Katika desturi zetu mtoto hakui mbele ya mzazi wake. Mzee wa miaka 60 huitwa "mwanangu" na mama yake na huitika. Lakini karani wa benki haongozwi na desturi hizo, wala hazimlindi daktari atakaposhtakiwa. Mbele yao kijana wa miaka 19 ni mtu mzima kamili, naye baba yake ni mtu mwingine.

Nilijifunza jambo hili kwa njia isiyopendeza. Mwaka 2016 mdogo wangu wa kike, aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mikoani, aligongwa na pikipiki akivuka barabara. Alilala siku 23 bila fahamu. Baba yetu, mwalimu mstaafu, alisafiri usiku kucha pamoja na mama, na walipofika walikuta madaktari wamekwisha kumpasua ili kuokoa maisha yake. Kwa hilo sina lawama hata chembe. Katika dharura daktari hutibu kwanza, na ndivyo ipasavyo. Taabu ilianza baada ya dharura kupita.

Mguu wa binti ulihitaji upasuaji wa pili, ambao ungeweza kungoja siku chache lakini si nyingi. Baba alitaka ufanyike. Baba mkubwa, ambaye kwa desturi ndiye msemaji wa ukoo, alitaka mgonjwa apelekwe kijijini kwa mzee mmoja mashuhuri kwa kuunga mifupa. Mama alitaka ahamishiwe hospitali kubwa. Daktari aliwasikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Msemaji wa mgonjwa ni nani kati yenu?" Kila mmoja akajibu, "Mimi." Siku nne zilipotea katika neno hilo moja.

Huko chuoni mitihani ilikuwa imekaribia, na baba akaenda kuomba masomo ya binti yake yaahirishwe. Karani alikuwa mpole sana. Alieleza kwamba kanuni inataka barua ya mwanafunzi mwenyewe. Baba akamwambia kwamba mwanafunzi mwenyewe hana fahamu. Karani akafikiri kidogo, akasema basi ailete atakapopata fahamu. Benki nako fedha za kujikimu zilikuwa zimeingia wiki ileile, nazo hazikuweza kuguswa, ilhali mwenye nyumba anadai kodi na duka la dawa linadai fedha taslimu. Fedha nyingine zilikuwa ndani ya simu yenye namba ya siri. Baba aliipeleka simu hiyo kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha mabasi, ikafunguliwa. Nitarudi kwenye simu hiyo.

Hatimaye baba alikwenda kwa wakili kutaka aandikiwe hati ya uwakilishi, ile ambayo wengi wetu tunaijua kutokana na kuuziana viwanja na magari. Wakili alimwambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa dhahiri: asiyejitambua hawezi kumpa mtu madaraka, hivyo hakuna hati ya kuandikwa. La pili lilinishangaza, nami ni mtu niliyepita chuo kikuu na kudhani najua mambo. Hata kama binti angaliiandika hati hiyo mwaka mmoja kabla, ikashuhudiwa na kugongwa kila muhuri, ingalikufa palepale barabarani alipogongwa.

Sheria yetu ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata karibu neno kwa neno sheria ya India ya mwaka 1872, husema kwamba uwakala hukoma pale mmoja kati ya aliyetuma na aliyetumwa anapokufa au anapopoteza akili timamu. Hoja yake si ya kipumbavu. Wakala ni mkono wa mtu aliyemtuma. Sheria hudhani kwamba bwana wake yuko nyuma akimwangalia, na aweza kumzuia wakati wowote. Bwana akipoteza akili, hayupo tena wa kumzuia, na mkono ulioachwa peke yake waweza kuiba. Kwa mfanyabiashara wa karne ya 19 mwenye mawakala katika kila bandari, hiyo ilikuwa kinga nzuri. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba hati huwa hai wakati wote asipoihitaji, na hufa saa ileile anapoihitaji.

Njia inayobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatoa nafasi kwa jamaa kuiomba mahakama iweke msimamizi wa mali ya mtu ambaye akili yake haiwezi kuisimamia. Ni njia halali na ina manufaa yake kwa ugonjwa wa miaka. Lakini shauri la mahakama hutaka maombi, viapo, vyeti vya madaktari na tarehe ya kusikilizwa, ambayo huahirishwa. Kwa mambo ya siku 23, mgonjwa atakuwa amekwisha kuamka au kuzikwa kabla jalada halijamfikia hakimu.

Nchi iliyolitafakari jambo hili kwa muda mrefu kuliko nyingi ni Marekani. Haikulitafakari kwa hekima ya kuona mbali. Ilisukumwa na misiba, na ajabu ni kwamba misiba mikubwa mitatu iliyoitikisa sheria yake haikuwa ya wazee. Ilikuwa ya wanawake vijana.

Wa kwanza ni Karen Ann Quinlan wa jimbo la New Jersey, aliyepoteza fahamu mwezi Aprili 1975 akiwa na umri wa miaka 21, asizinduke tena. Wazazi wake, baada ya miezi ya kungoja na kusali, waliomba mashine ya kupumulia iondolewe. Miongoni mwa majibu waliyopewa ni kwamba binti yao alikuwa mtu mzima, nao hawakuwa walezi wake kisheria. Watu waliomzoea kama mtoto wao kwa miaka 21 iliwabidi waende mahakamani ili watambuliwe kuwa wana neno juu yake. Machi 1976 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilimteua baba yake kuwa mlezi na kumruhusu. Mashine ikaondolewa, naye, kinyume cha matarajio, akaendelea kupumua mwenyewe hadi mwaka 1985.

Wa pili ni Nancy Cruzan wa Missouri, aliyepata ajali ya gari mwezi Januari 1983 akiwa na umri wa miaka 25. Shauri la wazazi wake lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Mwezi Juni 1990, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyo ilikubali kwamba jimbo laweza kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kukubali neno la wazazi. Msichana wa miaka 25 hana ushahidi wa namna hiyo. Nani huandika mambo hayo akiwa na miaka 25? Baadaye walijitokeza watu waliopata kufanya kazi naye, wakaeleza maneno aliyowahi kuyasema katika mazungumzo. Kwa ushahidi huo mahakama ya jimbo iliruhusu asilishwe tena kwa mpira, naye alifariki Desemba 1990. Ombi la wazazi wake lilisimama au kuanguka kwa kumbukumbu za wenzake wa kazini. Katika shauri hilo Jaji Sandra Day O'Connor alieleza katika maoni yake ya pekee kwamba kumteua mtu wa kukusemea mapema ni kinga yenye thamani, na mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayozitaka hospitali zipatazo fedha za mipango ya serikali kuu ya matibabu zimweleze kila mgonjwa mtu mzima haki yake ya kuandika maagizo ya namna hiyo.

Wa tatu, Terri Schiavo wa Florida, alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26. Mume wake alisema hili, wazazi wake wakasema lile. Ugomvi huo ulipita mahakama baada ya mahakama, ukamfikia Rais na Bunge, na haukuisha ila kwa kifo chake Machi 2005. Niliposoma habari za shauri hilo nilimkumbuka baba mkubwa na mzee wake wa kuunga mifupa. Tofauti ilikuwa ya ukubwa tu.

Kutokana na misiba hiyo imezuka desturi ambayo sasa ni ya kawaida katika familia nyingi za Marekani. Kijana anapotimiza miaka 18 na kujiandaa kwenda chuo, mezani huwekwa karatasi tatu. Kwa ya kwanza humteua mtu wa kuamua matibabu yake ikiwa yeye hawezi. Ya pili huruhusu madaktari kumpa mtu aliyetajwa habari za ugonjwa wake, maana sheria ya mwaka 1996 na kanuni zake za siri za wagonjwa zimewafanya wafanyakazi wengi wa hospitali waogope kusema lolote kwa simu, hata pale sheria yenyewe inapowaruhusu kutumia busara. Ya tatu ni hati ya uwakilishi juu ya fedha na mali, lakini si kama yetu. Tangu jimbo la Virginia lilipofungua njia mwaka 1954, majimbo ya Marekani yamekubali hati ambayo haikomi mwenye nayo anapopoteza uwezo wake. Vyuo navyo huwa na karatasi yao ya ridhaa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1974 imehamisha haki juu ya kumbukumbu za masomo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi. Matokeo yake ni kichekesho. Sheria ya mwaka 2010 humruhusu kijana kubaki katika bima ya afya ya mzazi wake hadi afikishe miaka 26, basi mzazi aweza kuwa analipia ugonjwa asioruhusiwa kuambiwa jina lake.

Sisemi kwamba tuige kila kitu. Huko wapo mawakili walioifanya hofu ya wazazi kuwa biashara ya kila mwezi wa Agosti, na sheria zao hutofautiana jimbo hata jimbo, hata umri wa utu uzima ni miaka 19 katika Alabama na Nebraska, na kwa mambo mengi ni 21 katika Mississippi. Lakini Uingereza, ambayo kanuni ya kale ya uwakala ni yake na ndiyo iliyotufikia sisi kupitia India, iliirekebisha kwa sheria ya mwaka 1985, kisha ikaipanua kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005. Leo kijana wa Kiingereza mwenye miaka 18 aweza kumteua mtu wa kusimamia fedha zake na mtu wa kusemea afya yake, na uteuzi huo ukabaki hai anapougua. Sisi tumebaki tumeishika kanuni ambayo mwenyewe alikwisha kuirekebisha miaka mingi iliyopita.

Najua nitakavyojibiwa na wazee wengi. Watasema huu ni uchuro. Mtoto anakwenda kusoma, nawe unamwandikia karatasi za kupoteza fahamu! Siwezi kulidharau neno hilo, kwa maana nami nimelelewa katika nyumba ambamo maneno fulani hayakutamkwa usiku. Lakini tazama tunavyofanya katika mambo mengine. Mtumishi wa Serikali anapoajiriwa hujaza jina la mrithi wa mafao yake siku za mwanzo kabisa za kazi, akiwa mzima wa afya, na hakuna anayemwambia kwamba anajichulia kifo. Tumekwisha kuzoea kuandika habari za kufa. Ni habari za kuwa hai bila kuweza kusema ndizo bado zinatutia woga.

Wengine watasema kwamba ukoo unatosha. Ukoo ulileta damu, fedha, chakula na watu wa kukesha. Bila ukoo mdogo wangu asingalipona. Ila ukoo una vinywa vingi, na hospitali hutaka kinywa kimoja.

Hoja iliyo nzito kuliko hizo inatoka kwa vijana wenyewe, nami nataka kuipa nafasi. Je, hati hizi si njia ya wazazi kurudisha kwa mlango wa nyuma madaraka waliyonyang'anywa na sheria kwa haki? Kwa binti hasa, kutimiza miaka 18 ni ukombozi wa kweli. Wapo wazazi ambao wangeitumia karatasi yoyote kuchungulia kila kitu. Hapa ndipo ninaporudi kwenye simu. Baba alipofunguliwa simu ile na fundi hakuishia kwenye fedha. Alisoma. Alikuwa mzazi mwenye hofu na sidhani alikusudia ubaya, lakini alisoma mambo ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake, na mdogo wangu alipopata nguvu na kuyajua hayo, alimshukuru kwa kila kitu isipokuwa hilo. Kwa muda mrefu hawakuzungumza vizuri. Siku moja nilimwuliza kwamba, kama angaliulizwa mapema, angalimtaja nani kuwa msemaji wake. Alijibu bila kusita, "Mama mdogo." Hakuna mtu katika sisi sote tuliokuwa tukigombana kwenye ukumbi wa hospitali aliyekuwa amemfikiria mama mdogo.

Kwa hiyo hati ninayoitetea ni mali ya kijana. Yeye ndiye amchague amtakaye, awe mzazi, shangazi, kaka au rafiki mtu mzima. Yeye ndiye aamue kama msemaji wa matibabu ndiye atakayeshika na fedha. Na maadamu ana akili zake aweza kuifuta siku yoyote. Tena isianze kutumika ila madaktari wawili wamethibitisha kwa maandishi kwamba mwenyewe hawezi kuamua, na ikome anapopata nafuu. Aliyeteuliwa atunze hesabu na awajibike kuionyesha. Ile hofu ya sheria ya 1872, kwamba mkono ulioachwa peke yake waweza kuiba, ijibiwe kwa hesabu na adhabu badala ya kuukata mkono wenyewe.

Kazi hii ni ya Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya mambo ya namna hii hasa, na baadaye ni ya Bunge. Haihitaji fedha nyingi wala idara mpya. Yahitaji kifungu katika Sheria ya Mikataba kinachosema kwamba hati iliyotamka hivyo waziwazi haitakoma kwa sababu ya mwenye nayo kupoteza uwezo wa kuamua, pamoja na kanuni za kuzibana benki, kampuni za simu na vyuo viitambue. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria zetu zimeelekezwa kuwa za Kiswahili, fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili ambacho kijana wa kidato cha sita ataielewa bila kumwita mkalimani.

Wakati tukingoja, yapo yanayowezekana sasa. Kijana aweza kuandika barua kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, akimtaja anayetaka amsemee hospitalini, dawa zinazomdhuru, na maradhi aliyo nayo. Barua hiyo haimfungi daktari kama sheria, lakini daktari aliyezingirwa na watu watatu wanaosema "Mimi" ataipokea kwa furaha. Aweza pia, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutoa ridhaa ya maandishi ili chuo na hospitali vimpe habari zake mtu fulani, na si mwingine. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 waweza kusaidia kuandika barua hizo. Kati ya mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo kuna miezi mitano ambayo vijana hukaa nyumbani au kambini. Na kabla ya hapo kuna mwalimu wa darasa, ambaye aghalabu ndiye mtu mzima wa mwisho wanayemsikiliza bila kubishana.

Vyuo navyo vitazame fomu zao. Karibu kila fomu ya kujiunga ina mstari unaotaka jina la "ndugu wa karibu" na namba yake ya simu. Mstari huo haumpi mtu huyo madaraka yoyote. Ni anwani tu ya kupelekea habari mbaya. Uongezwe mwingine chini yake, unaomwuliza mwanafunzi ni nani anayetaka amsemee. Katika faili la mdogo wangu mstari ule mmoja ulikuwa umejazwa jina la baba, kwa mwandiko wa baba.